Mwalimu Yusta na Uji wa Mikono

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Yusta Kikoti anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Malezi Tulezane, hapa Chimala, kwa miaka ishirini na minane. Ukijumlisha na miaka mitatu aliyofundisha chekechea kule Mgololo kabla hajaja kwetu, ni miaka thelathini na mmoja ya kukaa sakafuni na watoto ambao wengi wao hawajui hata kufunga vifungo vyao. Magoti yake ndiyo yaliyoomba kustaafu. Yeye mwenyewe ukimuuliza atakwambia bado yupo yupo sana.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja tangu mwaka 2014. Wakasema niandike kwa ufupi. Jamani, Yusta wa kufupishwa ni yupi? Mtu mwenyewe akianza kukusimulia alivyokwenda sokoni kununua rosela, chai yako inapoa, inapashwa, inapoa tena.

Alizaliwa Ifunda, mkoani Iringa, mwaka 1965, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na alizeti. Alisomea malezi ya watoto wadogo Iringa mjini, akaolewa na Ezron, fundi wa magari makubwa, akamfuata Mgololo. Mwaka 1997 Ezron alifungua gereji hapa Chimala kando ya barabara kuu, na Yusta akaja naye. Kituo chetu wakati huo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, kilichoanzishwa na akina mama wauza mchele waliochoka kupima debe huku mtoto yuko mgongoni. Yusta alikuta mikeka, sufuria mbili za uji, mwiko, na watoto. Hapakuwa na kitabu, mdoli wala penseli. Mwingine angekaa kusubiri wafadhili. Yeye alirudi nyumbani, na kesho yake akaja na kapu.

Ndani ya kapu mlikuwa na magunzi ya mahindi, kandambili iliyokatika kamba, dodoki, kitana kilichong'oka meno, chekeche bovu, ufagio wa chelewa uliobaki kishina, mbegu za parachichi, na viazi mviringo vilivyokatwa nusu. Wazazi walioleta watoto asubuhi ile walidhani mwalimu mpya amekosa jalala kwao, ameamua kuja kutupia kwetu. Kufika saa sita mchana, kila mtoto alikuwa na kifaa chake mkononi, na karatasi ya kaki iliyotandikwa kutoka mlangoni hadi dirishani ilikuwa haina nafasi ya kuweka kidole. Karatasi hiyo alikuwa akiletewa na shemeji yake, Joachim, aliyebaki Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Ni vipande vilivyokunjamana visivyouzika, na madereva waliotengenezewa magari na Ezron walivibeba kwa moyo mweupe.

Kwa mgeni wa leo ambaye hajawahi kuona mambo haya, niseme kidogo. Gunzi ukilichovya rangi na kuliviringisha kwenye karatasi linaacha vidoti vilivyopangana, kama kitenge. Soli ya kandambili ukiigandamiza inaacha mawimbi. Kipande cha mgomba kilichokatwa kwa kukingama kinaacha vyumba vidogo vidogo kama vya nyuki. Mbegu ya parachichi iliyochovywa rangi inawekwa kwenye sinia lenye karatasi, mtoto analishika sinia pande mbili na kulipepeta kama anavyomwona mama yake anapepeta mchele, na mbegu inakimbia huku na huku ikichora njia zake. Kwa nini mbegu ya parachichi na si golori? Kwa sababu haimezeki. Sheria ya Yusta ilikuwa fupi: kinachoingia chote kinywani mwa mtoto hakiingii darasani.

Na si kila mtoto anapenda kuchafuka. Tulikuwa na mmoja, mtoto wa fundi cherehani, ambaye akiguswa na kitu chenye unyevu analia mpaka anatapika. Yusta hakumlazimisha hata siku moja. Alitia rangi mbili kwenye mfuko mzito wa plastiki unaoonyesha ndani, akaufunga, akaubandika mezani kwa selotepu, na mtoto akawa anabonyeza kwa nje, akiangalia njano inavyoingiliana na nyekundu. Alibonyeza Ijumaa kadhaa. Halafu siku moja, bila kuambiwa na mtu, akaomba mfuko ufunguliwe.

Sasa tuje kwenye rangi yenyewe. Ya dukani Yusta hakuitaka, maana mtoto wa miaka miwili huonja dunia kwa mdomo na hakuna wa kumzuia. Basi akapika ya kwake. Unga wa ngano, maji, moto mdogo, unakoroga bila kuacha mpaka iwe nzito ya kushika kidole. Nyekundu alitoa kwenye maua ya rosela, njano kwenye manjano ya dukani kwa Mama Hansa, kijani kwenye maji ya mchicha, na kahawia kwenye kakao ya Kyela. Na kwa kuwa ilipikwa kwa sufuria ya uji na kukorogwa kwa mwiko wa uji, Yusta aliiita uji. Uji wa kinywa ni ule wa saa nne. Uji wa mikono ni wa Ijumaa saa tano. Watoto walielewa tofauti bila shida yoyote. Watu wazima ndio waliokuja kuchanganya, kama mtakavyoona.

Ijumaa saa tano ndiyo Saa ya Rangi, na ina mwiko mmoja mkubwa. Kwa saa ile nzima, mtu mzima yeyote aliyemo chumbani haruhusiwi kusema neno "acha". Yusta alitueleza sababu siku moja tukiosha vyombo. Watoto wa Chimala, alisema, tangu wanaamka wanaambiwa acha: acha kisu, acha jiko, acha mchele wa watu, acha kwenda barabarani. Na malori yanavyopita pale, ni lazima tuwaambie, la sivyo tutawazika. Lakini basi, katika wiki nzima tukose hata saa moja ya kuwaambia shika? Alisema hayo huku anasugua sufuria kwa nguvu, nami nikaona kwamba kwake hili si mchezo.

Hapo inabidi niseme na habari zangu. Mimi ni mtu wa deki. Mama yangu, Msafwa wa kweli, alitulea kwa sabuni ya mche na gunia la kudekia, na mpaka leo nikiona tone sakafuni mkono unaniwasha. Nilipopangiwa chumba kimoja na Yusta, niliporudi nyumbani nililia. Kila Ijumaa saa tano nilikuwa na shughuli muhimu sana stoo, nikikunja mablanketi ambayo yalikuwa yamekwisha kunjwa. Yusta hakunigombeza. Alikuwa anamtuma mtoto mwenye kiganja cha kijani aje kunishika mkono na kunirudisha.

Na mavazi je? Yusta alipita nyumba kwa nyumba akikusanya fulana kuukuu za kampeni. Chimala hakuna nyumba isiyokuwa nazo. Ukiingia Saa ya Rangi unakuta wagombea wa chaguzi zote, walioshinda na walioshindwa, wanatambaa sakafuni wakiwa wamepakwa rosela usoni, na fulana zinawafika watoto miguuni. Mgeni mmoja aliyekuja kututembelea alicheka mpaka akaomba kiti.

Lakini Saa ya Rangi nusura ife. Ilikuwa mwaka 2016, wakati wa masika. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi alikuwa Mzee Sosthenes, mfanyabiashara wa mchele, mtu mrefu mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Mjukuu wake Eveline, miaka miwili na nusu, alirudi nyumbani Ijumaa midomo ikiwa myekundu, na Jumapili tumbo likamshika. Tumbo lile msimu ule lilishika nusu ya watoto wa Chimala, wanaokuja kituoni na wasiokuja, lakini mjukuu ni mjukuu. Mzee akaitisha kikao cha kamati. Alitaka rangi ipigwe marufuku, Ijumaa watoto wafundishwe herufi, na kama Yusta hawezi herufi, atafutwe anayeweza. Kwa ufupi, Yusta alikuwa karibu kumwaga unga, na safari hii si ule wa kupikia rangi.

Asubuhi ya kikao Yusta alipika sufuria nzima ya nyekundu ili awaonyeshe wajumbe kilichomo ndani yake. Pembeni palikuwa na sufuria ya uji wa lishe. Mpishi wetu Matilda alikuwa msibani Igawa, kwa hiyo mlinzi wetu Aroni ndiye aliyeombwa ahudumie. Yusta alipita mbio mbio mlangoni pa jiko, akamwambia Aroni uji upo tayari, awapelekee wageni, akakimbilia darasani kwa watoto.

Aroni akakuta sufuria mbili. Moja ina uji wa kila siku, wa rangi ya udongo. Nyingine ina uji mwekundu unaong'aa, mzito, laini, hauna hata donge. Aroni ni Msangu aliyelelewa vizuri, na kwao mgeni hapewi chakula cha kila siku cha watoto wakati kizuri kipo jikoni. Hakujiuliza mara mbili. Akaongeza sukari ya kutosha, akatoa vikombe vyenye maua, vile vya wageni wa heshima, akajaza, akapeleka.

Kamati nzima ikanywa. Mzee Sosthenes akamaliza kikombe, akapangusa masharubu, akasifu, akauliza ni unga wa nini huo, akaongezewa cha pili. Mama Hansa, mwenye duka la vyakula pale barabarani, alikuwa mjumbe. Yeye alisema uji ni mzuri ila umekosa iliki. Walikuwa katikati ya mazungumzo hayo Yusta alipoingia, mikono mitupu, kuja kuuliza nani amechukua sufuria yake ya maonyesho. Akaiona midomo yao.

Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, tena ningesali kabisa. Yusta alimwamkia mzee shikamoo, akamwambia pale pale, kwa heshima zote, kwamba alichokunywa ndiyo ile rangi. Kisha Mama Hansa akaangua kicheko mpaka mtandio ukamdondoka, na wajumbe wengine wakafuata, hawana mbavu.

Mzee Sosthenes hakucheka. Yeye aliona ametegwa: ameitisha kikao cha kukataa rangi, naye amenyweshwa rangi mbele za watu, tena vikombe viwili. Aroni alikuja mbio kujieleza, kwamba kosa ni lake, kwamba alitaka tu kuwatendea wageni vizuri. Mzee akaona na huyu kafundishwa la kusema. Yusta alijaribu kueleza unga na rosela, akaambiwa akae chini. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumpinga mwenyekiti aliyeaibika. Saa ya Rangi ikasimamishwa siku hiyo hiyo.

Ijumaa iliyofuata watoto wa miaka miwili walipewa penseli. Wakazitafuna. Naamini walikula penseli nyingi kuliko rangi yote waliyowahi kula tangu kituo kifunguliwe. Yusta alifundisha herufi kama alivyoagizwa, hakununa, lakini hakuwa Yusta. Alikuwa anakunywa chai bila kusimulia chochote, na sisi wenzake, tuliokuwa tunalalamika kwamba anaongea sana, tulikosa raha kabisa.

Mvua zilipokata, alikwenda kwa katibu wa kamati akauliza kwa upole kama na maji nayo yamekatazwa. Katibu akasema maji hayajakatazwa. Basi Ijumaa, baada ya herufi, Yusta alitoka nje na ndoo ya maji safi na kapu la brashi kuukuu: ya kunyolea ndevu, ya viatu, ya kupakia chokaa, na miswaki iliyochoka. Akawapanga watoto mbele ya ukuta wa saruji unaopigwa na jua. Mmeshaona saruji ikilowa inavyokuwa nyeusi? Watoto walipaka maji, wakachora miduara na mikia na vitu visivyo na jina, na kabla hujamaliza kuangalia, jua limekausha lote na ukuta uko tayari kuanza upya. Hata anayetaka kulalamika asingepata ushahidi.

Taarifa zilimfikia Mzee Sosthenes, maana Chimala watu hawalali. Alikuja mwenyewe, amekunja uso, akitafuta rangi. Alikuta ndoo ya maji na watoto waliolowa. Eveline akamwona babu yake, akamkimbilia, akamvuta suruali mpaka ukutani, akamkabidhi brashi ya viatu. Mzee akasimama nayo, hajui aifanyeje. Mwishowe akainama, mtu mrefu vile, akapiga mstari mmoja. Jua likaufuta. Eveline akaruka ruka kwa furaha, akamwamuru apige tena. Akapiga tena. Baadaye akavua koti akampa Aroni amshikie. Matilda alipokuja kutangaza kwamba chakula cha mchana cha watoto kimeiva, mzee alikuwa bado pale ukutani, viatu vimelowa, anamwonyesha mjukuu wake jinsi ya kufika juu kuliko wenzake wote, jambo ambalo kwa urefu wake halikuwa haki hata kidogo.

Hakuomba radhi kwa mdomo. Jumatatu tulikuta getini kiroba cha magunzi, makavu, yaliyochaguliwa, yote yanaenea kiganja cha mtoto. Aroni alisema yameletwa alfajiri kwa pikipiki ya mzee. Yusta alikifungua kiroba, akatazama ndani, akakaa juu ya ngazi, akalia. Ijumaa ile uji wa mikono ukarudi jikoni. Mama Hansa akatoa sufuria ya pekee ya kupikia rangi, yenye mfuniko wa bluu, ili kamati isinyweshwe tena, na hadi leo akituuzia manjano hutuongezea punje za iliki. Aroni tunamwita mpishi wa kamati. Jina analipenda, msimwonee huruma.

Baada ya hapo sifa zikavuka wilaya yetu ya Mbarali. Mwaka 2019 Yusta alialikwa Mbeya mjini kwenye semina ya walezi wa watoto, akaambiwa aje na vifaa vyake vya kufundishia. Akapanda basi na kiroba. Mlinzi wa ukumbi alimwonyesha kwa adabu njia ya kwenda kwa wanunua vyuma chakavu. Jioni yake washiriki wote walitoka na mikono ya njano, na mlinzi yule yule akaomba gunzi moja akampelekee mwanawe. Leo walezi wa vituo vya Igawa, Mafinga na kwingineko wanapika rangi kwa mikono yao, na akina mama wengi wa hapa sokoni wakimenya viazi wanabakiza kimoja cha watoto kuchapia rangi. Hilo Yusta analihesabu kuliko vyeti vyote.

Sasa nije kwenye mwaka huu. Septemba alipotaja tarehe ya kuondoka, kamati ya sasa, ambayo ni ya wazazi vijana, iliuliza swali ambalo kusema kweli lilikuwa la haki. Je, Saa ya Rangi ni ya kituo au ni ya Yusta? Wanaona watoto wa vituo vingine wanarudi na daftari za kazi za nyumbani, na wao wanaletewa fulana ya kufua. Kama saa hii inakwenda kwa ajili ya Yusta tu, wakasema, basi istaafu pamoja naye. Wakakubaliana jambo moja: Ijumaa ya tarehe 14 Novemba Yusta asiwemo chumbani, mwingine aongoze. Ikienda, inabaki. Isipokwenda, Ijumaa zote kuanzia Januari ni za herufi. Na mwingine huyo wakamtaja. Mimi! Mwe, nilitamani ardhi inimeze.

Yusta alinifuata jikoni siku ile. Hakunifundisha kupika rangi, nilishajua. Aliniambia tu kwamba zawadi na sherehe hata zikikosekana ataondoka salama, ila akiambiwa watoto hawa hawana tena saa ya kushika, hajui atalalaje huko kwao Ifunda anakorudi. Alisema wazi kwamba anaogopa. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akilitaja neno hilo kwa habari zake mwenyewe.

Basi nikajiandaa kwa jinsi ninavyojua mimi. Nilinyoosha karatasi kona kwa kona. Nilipanga rangi kwenye vikombe, vyote sawa. Nikaweka kitambaa begani na kingine kiunoni. Watoto wakaingia na fulana zao, wakaketi. Shedrack, baba wa mapacha, alikuwa ameletwa na kamati aangalie. Akasimama ukutani amefunga mikono nyuma. Nikawakaribisha watoto washike wanachotaka. Wakanitazama kama watu wanaosubiri sindano kliniki. Kumbe kila aliyesogeza kidole kwenye rangi nilikuwa nimeshamfuta kabla hakijafika kwenye karatasi. Shedrack akaangalia saa yake. Mapacha wake wakaanza kulia. Nikajisemea, Lea, umeimaliza kazi ya mwenzako.

Ndipo Gwakisa, mtoto wa miaka miwili mwenye miguu mifupi na tumbo la kutangulia, akatumbukiza mkono mzima kwenye kijani, akanyanyuka, akaja akaupiga paa kwenye sketi yangu. Sketi nyeupe, tena. Chumba kizima kikanigeukia usoni. Neno lile lililokatazwa lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikachovya kiganja changu kwenye kijani kile kile, nikakipiga kwenye sketi, pembeni ya cha Gwakisa.

Basi tena! Waliinuka wote kwa pamoja. Walinipaka mimi, wakapaka karatasi, wakapaka miguu ya kiti. Magunzi yakaviringika, sinia zikapepetwa, mmoja akagundua kwamba kisigino chake nacho ni muhuri, wakamwiga wote. Vitambaa vyangu viwili sijui vilikwenda wapi. Nilipokuja kumkumbuka Shedrack, alikuwa chini kati ya mapacha wake, kavua saa kaitia mfukoni, anaomba apewe na yeye kandambili. Akaniambia bila kuinua kichwa kwamba kwa upande wake hakuna cha kwenda kujadili.

Yusta alikuwa ameshindwa kukaa ofisini. Tulisikia mlango, akasimama kizingitini, akasalimia kwa sauti yake ile ya Kihehe, "Kamwene!" Kwa miaka ishirini na minane sauti hiyo ikisikika mlangoni watoto hutupa kila kitu, wakakimbilia magoti yake. Safari hii hakuna aliyegeuka. Akasalimia tena. Gwakisa akainua uso, akamwona, akarudi kwenye gunzi lake. Yusta akashikilia mlango kwa mikono miwili, machozi yanamtoka waziwazi na huku anacheka, akatuangalia kwa muda mrefu. Halafu akaufunga mlango polepole, akaenda zake, watoto wengine hawakujua hata kwamba amekuja.

Mwalimu Yusta, dada yetu, Mama Eliezeri, asante. Akina mama wa sokoni wanasema kwa Kinyakyusa ndaga fijo, asante sana, na sisi tuliofanya kazi nawe hatuna neno lililo kubwa kuliko hilo. Nenda Ifunda kwa amani na Mzee Ezron. Mungu akupe siku nyingi na nzuri, magoti yapone, alizeti ziitike, ulale mpaka jua liwe juu bila mtu kukuamsha. Na ikifika Ijumaa saa tano usihangaike kutupigia simu. Hatutaweza kupokea, mikono yetu itakuwa imejaa rangi.

Lea Mwashambwa
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Tulezane, Chimala